Injini ya Gari Kwenye Pua ya Ndege

Hivi kweli injini ya gari inaweza kurusha ndege?

Inaweza, tena tangu zamani. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, Marekani, alifunga injini ya Ford Model A kwenye Air Camper, ndege ya mbao na kitambaa aliyoiunda mwenyewe. Weston Farmer, mhariri wa jarida la Modern Mechanics, alikuwa hakubali kwamba injini za magari zinaifaa kazi hiyo. Mwaka 1930 Pietenpol na mwenzake walimfuata kwa ndege mbili za injini hiyo hadi Minneapolis. Farmer akakubali, akazichapisha ramani za Air Camper, na hadi leo wapo wanaoiunda.

Basi nitoe injini ya gari langu niifunge?

Angalia kwanza mizunguko. Injini nyingi za kisasa hutoa nguvu zake zote zikifika mizunguko 5,500 hivi kwa dakika. Rafadha ya mita 1.8 ikizunguka mara 2,700, ncha zake tayari zinakwenda mita 254 kwa sekunde. Ipeleke 5,500 uone: ncha zinapita mwendo wa sauti, unabaki na kelele tu. Ford ile ilifaa kwa sababu ilikuwa ya polepole, nguvu farasi 40 kwa mizunguko 2,200, rafadha ikikaa moja kwa moja kwenye krenki.

Si kuna gia za kupunguza mizunguko?

Zipo, na wenye injini za Subaru huzitumia, au hutumia mkanda. Miradi mingi hufia hapo. Injini haizungushi kwa ulaini. Kila silinda ikiwaka inaipiga krenki kofi. Rafadha ni nzito, haitaki kuharakishwa. Shafti iliyo katikati inajipinda na kujinyoosha bila kupumzika, na mapigo yakiingiliana na mtikisiko wake wa asili, meno ya gia husagika au shafti hukatika. Macho hayaoni dalili mapema. Nunua gia ambazo wengine wamekwisha kuruka nazo kwa injini hiyo hiyo na rafadha ya aina hiyo hiyo. Kubuni zako waachie wenye vipimo vya maabara.

Na Volkswagen au Corvair?

Hizo ndizo ningemshauri anayeanza. Zote hupozwa kwa hewa, hazina radieta, na rafadha hufungwa bila gia. Volkswagen hutosha ndege ndogo nyepesi. Corvair, ya Chevrolet ya miaka ya 1960, ina silinda sita na Pietenpol mwenyewe aliihamia baadaye. Ila krenki yake haikutengenezwa kubeba rafadha: ndege ikiinua au kuzungusha pua, rafadha huishika krenki na kutaka kuipinda, na baadhi zilivunjika angani. Waundaji siku hizi huongeza beringi ya tano mbele, na krenki huokwa kwenye gesi yenye naitrojeni ili ngozi yake iwe ngumu. Ukiuziwa Corvair isiyo na beringi hiyo, usiipaishe.

Injini ya gari haitachemka?

Itachemka ukiifikiria kama ya gari. Barabarani injini hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Angani hufanya kazi kwa robo tatu, saa baada ya saa. Kwa hiyo inahitaji kupozwa zaidi: kwenye Air Camper ya Ford radieta imesimama juu ya injini, mbele ya uso wa rubani. Inamzuia kuona mbele, lakini inapata upepo.

Marekani wanaziruhusuje ndege za kujiundia?

Lazima zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ifanywe na watu wasio wa kiwanda, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Kisha kuna majaribio bila abiria, mbali na makazi ya watu. Kwa kawaida ni saa 25 ikiwa injini na rafadha zina cheti kwa pamoja, na 40 kama hazina. Injini ya gari iko kwenye 40.

Injini ikizima mara tu baada ya kupaa?

Shusha pua papo hapo ili usipoteze mwendo, kisha tua mbele yako, ukikwepa kidogo tu kushoto au kulia. Usigeuke kurudi uwanjani. Ukiwa chini hivyo, kona hula kimo ambacho huna. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, tembea kwa miguu mashamba yaliyo mwisho wa uwanja, ujue lipi lina mitaro na lipi lina nyaya za umeme.