Muhula Mmoja Ujerumani: Kuishi Ugenini kwa Fedha Iliyopimwa

Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi huagwa kama msomi, lakini siku anayotua huwa kwanza mlaji. Ndani ya juma moja anageuka mpangaji, abiria, mnunuzi, mteja wa benki na mteja wa bima, katika nchi ambayo mikataba yake imeandikwa kwa lugha asiyoimudu bado. Somo hili linamhusu yeye pamoja na wazazi na walezi wake, kwa maana fedha anayokwenda nayo mara nyingi ni mchango wa watu wengi. Tumechukua mfano wa Ujerumani kwa sababu vyuo vyake vikuu vina mikataba ya ushirikiano na vyuo vyetu, na kwa sababu sheria zake za kumlinda mlaji ni nzuri, ila hazimsaidii asiyezijua.

Jambo moja litangulie. Mwanafunzi wa kubadilishana huteuliwa na chuo chake cha nyumbani na kupokelewa na chuo mwenyeji, na kwa kawaida chuo mwenyeji hakimtozi ada ya masomo. Mtu yeyote anayejitokeza kati ya vyuo hivyo viwili akidai malipo ya "kuharakisha nafasi" hana kazi anayoifanya hapo. Apelekewe swali afisa wa uhusiano wa kimataifa wa chuo, si shilingi.

Euro 992 na mwezi wa kwanza

Anayeomba viza ya masomo ya Ujerumani hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha ya kujikimu. Wengine huthibitisha kwa barua ya ufadhili. Wengine huweka fedha katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa, ambayo mwenyewe hawezi kuchota zaidi ya kiwango kilichowekwa kwa kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 992 kwa mwezi, sawa na euro 11,904 kwa mwaka. Kwa muhula wa miezi sita ni euro 5,952.

Wazazi wengi wakisikia tarakimu hiyo huigeuza kuwa shilingi, wakashusha pumzi, wakaamini kijana atakula na kusaza. Tufanye hesabu. Tuseme chumba kinagharimu euro 390 kwa mwezi. Bima ya afya ya wanafunzi, ambayo ni sharti la kusajiliwa chuoni, huzidi euro 130, nasi tuandike 145. Mchango wa redio na televisheni ya umma ni euro 18.36 kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Simu tuipe euro 10. Michango ya muhula inayolipwa chuoni tuseme ni euro 300, yaani 50 kwa kila mwezi. Chakula kwa anayejipikia tukitie 220. Katika euro 992 zinabaki 158 na senti. Humo zitoke nguo za baridi, sabuni, mashine ya kufulia, vitabu na dharura. Mtu anaweza kuishi kwa hesabu hii, tena vizuri, lakini haina nafasi ya kosa kubwa hata moja.

Kosa hilo kubwa kwa kawaida hutokea mwezi wa kwanza. Mwezi huo kodi ya chumba ni 390 na amana ya pango, tukichukua miezi miwili, ni 780. Michango ya muhula ya 300 hulipwa yote kwa mkupuo. Bima ni 145, chakula 220, simu 10. Jumla ni euro 1,845 kabla ya kununua blanketi na sufuria, ilhali akaunti iliyofungwa hutoa 992 tu. Upungufu ni euro 853. Baya zaidi, akaunti hiyo kwa kawaida haianzi kutoa chochote mpaka mwanafunzi awe amefika na kufungua akaunti ya kawaida ya benki, na shughuli hiyo inaweza kuchukua majuma kadhaa. Anayesafiri na nauli na matumaini peke yake hulazimika kukopa kwa watu asiowajua.

Basi familia inayochanga ipange mafungu mawili tangu mwanzo: la akaunti iliyofungwa, na la mwezi wa kwanza, ambalo mwanafunzi atalifikia mara atakapotua. Tukiulizwa ni ushauri upi wa kushika kama somo lote litasahauliwa, tungetaja huu wa fungu la pili.

Chumba

Mahali pa kwanza pa kuomba ni mabweni ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi linalohudumia pia migahawa ya vyuo. Kodi yake huwa nafuu kuliko ya mtaani, na foleni yake ni ndefu. Ombi liandikwe siku ile ile barua ya kukubaliwa inapofika. Anayekosa bweni hutafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambako watu watatu au wanne hugawana jiko na bafu. Hapo mchango wa televisheni hulipwa mmoja kwa nyumba nzima na wakaaji wakagawana, nafuu ambayo wageni wengi huikosa kwa kutouliza.

Huku kutafuta chumba kwa mbali ndiko wanakowinda matapeli. Namna yao haibadiliki sana. Picha ni nzuri kupita kiasi, na kodi iko chini ya bei ya mji huo. Mwenye nyumba ni mpole, anajibu usiku wa manane, na kwa bahati mbaya yuko nchi nyingine kikazi, hivyo hawezi kuonyesha chumba. Atatuma funguo kwa posta mara atakapopokea amana na kodi ya mwezi wa kwanza. Pengine atatuma na nakala ya hati yake ya kusafiria ili uamini, nakala ambayo mara nyingi imeibwa kwa mhanga aliyetangulia. Kisha atakuomba ya kwako. Fedha ikishavuka mipaka ni vigumu sana kuirudisha, na hati yako sasa imo mikononi mwake.

Kanuni yetu ni kali na tunaisimamia: usilipe amana ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakikanyaga. Chuo mwenyeji huwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Waombe wakutajie mahali pa kufikia kwa siku chache, hata kama ni kitanda katika hosteli ya vijana, kisha utafute ukiwa mjini. Siku kumi za hosteli ni ghali, lakini amana iliyoibwa ni ghali zaidi.

Unapouona mkataba, tazama maneno mawili. Kaltmiete, kodi ya baridi, ni ya chumba kitupu. Warmmiete, kodi ya moto, hujumlisha joto, maji, taka na kadhalika. Tangazo lenye kodi ya baridi huonekana rahisi kuliko lilivyo, na umeme mara nyingi haumo katika hata moja ya kodi hizo. Tena fedha ya joto na maji huwa ni malipo ya kutanguliza. Baada ya mwaka wa hesabu mwenye nyumba hupiga hesabu ya matumizi halisi, na aliyeacha kipasha joto wazi pamoja na dirisha hupelekewa deni. Ukipata chumba ambacho kodi yake ni ya jumla, isiyo na hesabu ya baadaye, kipe uzito. Kwa mtu wa muhula mmoja utulivu huo una thamani.

Kuhusu amana, sheria ya Ujerumani husema isizidi kodi ya baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu yaliyo sawa, la kwanza mwanzoni mwa upangaji na mengine mawili pamoja na kodi za miezi inayofuata. Rudi kwenye hesabu yetu: amana ya 780 ikigawanywa, mwezi wa kwanza unalipa 260, na upungufu wa 853 unashuka hadi 333. Haki hii ni ya kisheria, si hisani ya mwenye nyumba, ingawa hakatazwi mtu kuitaja kwa adabu.

Siku ya kupokea funguo, andikeni hati ya makabidhiano na kupiga picha za kila doa, kila mkwaruzo na kila kigae kilichopasuka, pamoja na tarakimu za mita. Ndani ya majuma mawili baada ya kuhamia unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Mwenye nyumba anayesema karatasi hiyo haitolewi anakunyima mlango wa mambo mengine mengi, kibali cha ukaaji kikiwamo. Tafuta kwingine.

Sokoni na jikoni

Hapa hatuna wasiwasi mkubwa, maana kijana aliyezoea kubana matumizi nyumbani atabana na huko. Maduka karibu yote hufungwa Jumapili, hivyo Jumamosi jioni ndiyo siku ya kukumbuka mkate. Maji ya bomba hunyweka. Maduka ya bei nafuu kama Aldi na Lidl hutosha kwa mahitaji ya kila siku. Maharage makavu, dengu na mchele wa gunia hupatikana kwa bei nzuri katika maduka ya Waturuki. Unga wa mahindi mweupe huuzwa katika maduka ya Kiafrika ya miji mikubwa kwa bei inayomfanya mtu aheshimu ugali upya. Tunashauri uwe chakula cha Jumapili, siyo cha kila siku. Mgahawa wa chuo humpa mwanafunzi bei ya mwanafunzi, mradi aonyeshe kitambulisho.

Chupa na makopo usitupe. Chupa nyingi za plastiki zinazotumika mara moja, na makopo, zina amana ya senti 25 kila moja, ambayo umeshailipa dukani. Chupa ya bia ya kioo inayojazwa tena huwa na senti 8. Mashine ya duka hupokea chupa na kutoa stakabadhi ya kupeleka kwa keshia. Chupa nne ni euro moja, na katika nyumba ya watu wanne wasiojali, anayejali hupata mkate wa juma.

Mikataba inayonata

Mgeni wa miezi sita hapaswi kusaini kitu cha miezi 24. Kampuni za simu huruhusiwa kumfunga mteja kwa mkataba wa awali wa muda huo, na simu inayotolewa "bure" ndiyo chambo. Nunua laini ya kulipia kabla. Ukumbi wa mazoezi nao ni vivyo hivyo: kwa kawaida kuhama peke yake si sababu ya kuuvunja mkataba kabla ya muda, hivyo tumia viwanja vya michezo vya chuo.

Ukinunua kitu kwa intaneti au kwa simu, una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Ukinunua dukani kwa mkono wako, haki hiyo haipo, hata ukiwa na risiti, isipokuwa duka lenyewe likubali. Kitu kipya kikiwa na hitilafu ni habari nyingine: muuzaji huwajibika kwa miaka miwili, na katika mwaka wa kwanza hitilafu huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hivyo ukiambiwa uende kwa mtengenezaji, jibu kwa utulivu kwamba ulinunua dukani hapo. Baiskeli iliyotumika ya mtu binafsi haina kinga hiyo kama muuzaji ameiondoa kwa maandishi.

Katika usafiri, uliza kwanza kama michango ya muhula imeshalipia tiketi. Kwa vyuo vingi ndivyo ilivyo. Anayekutwa bila tiketi hutozwa euro 60, na kutojua lugha hakupunguzi senti.

Kazi ya vibarua inaruhusiwa: tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Usiifanye kazi hiyo kuwa nguzo ya bajeti ya muhula mmoja. Hadi karatasi zikamilike na lugha itoshe, nusu ya muhula imekwisha.

Linapozuka gombo na kampuni, kila jimbo kati ya majimbo 16 lina kituo cha ushauri wa mlaji kiitwacho Verbraucherzentrale, na baraza la wanafunzi la chuo mara nyingi hutoa ushauri wa kisheria bila malipo. Barua ya madai isiachwe mezani kwa kuwa haieleweki, kwani huko deni dogo lisilojibiwa huongezwa gharama za ukumbusho, kisha za wakusanyaji wa madeni.

Kufunga mlango

Notisi ya chumba hutolewa kwa maandishi na mapema, kwa kawaida miezi mitatu kabla, isipokuwa mkataba una tarehe ya mwisho. Kwa muhula mmoja hilo maana yake ni kuandika notisi wakati bado hujayazoea majira, kwa hiyo mkataba wenye tarehe ya mwisho unafaa zaidi. Safisha, piga picha tena, soma mita, na msaini hati ya makabidhiano ya pili. Jiondoe katika daftari la wakazi, kisha uwaandikie watu wa mchango wa televisheni ukiambatisha uthibitisho huo, maana wao huendelea kudai mpaka waambiwe. Akaunti ya benki ifungwe mwisho kabisa: mwenye nyumba anaruhusiwa kushikilia amana kwa muda baada ya kuondoka kwako ili apige hesabu zake, na ukishafunga akaunti hatakuwa na pa kuirudishia. Mwachie nambari ya akaunti kwa maandishi, na anwani ya nyumbani, kabla ya kukabidhi funguo.