Kuvu ukutani, mtoto anakohoa: mpangaji afanye nini?

Swali: Tunaishi England, katika nyumba ya halmashauri. Chumba cha watoto kina unyevunyevu na kuvu nyeusi, na mwanangu hakomi kukohoa. Tunaambiwa tufungue madirisha tu. Sheria inasemaje?

Jibu: Kufungua madirisha hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wake.

Mwaka 2020, mjini Rochdale, Awaab Ishak alifariki akiwa na miaka 2 baada ya kuvuta hewa yenye kuvu kwa muda mrefu. Baba yake alilalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu ya kuvu hiyo. Uzembe huo haukubaliki, na ndio uliozaa sheria inayobeba jina la mtoto huyo.

Kwa sheria hiyo, tangu 27 Oktoba 2025, halmashauri na mashirika ya makazi lazima zichunguze hatari kubwa ya unyevu na kuvu ndani ya siku 10 za kazi. Ikithibitika, zina siku 5 za kazi kuiondoa hatari hiyo. Dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24. Ikishindikana, familia hutafutiwa mahali pengine salama bila kulipia.

Mpangaji atoe taarifa kwa maandishi, aambatanishe picha zenye tarehe na barua ya daktari, na abaki na nakala. Asiache kulipa kodi, maana anaweza kufukuzwa. Akipuuzwa, afuate utaratibu wa malalamiko wa mwenye nyumba, kisha aende kwa Housing Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya makazi, ambaye hatozi ada.

Aliyepanga kwa mtu binafsi anaweza kwenda mahakamani kwa sheria ya 2018 inayodai nyumba ifae kukaliwa na binadamu.