Mafunzo Niliyopata Nikiwafungia Watu Runinga

Mtaani kwetu mtu akinunua runinga mpya huniita niifunge ukutani, niunganishe king'amuzi, kisha niseme kama ameuziwa kitu cha maana. Kufunga ni kazi ya muda mfupi. Kinachochelewesha ni maswali: mbona boksi limeandikwa 120 na mpira unakwama? Mbona filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana? Katika kuyajibu nimejifunza haya.

1. Hezi za boksi si hezi za kioo

Hezi za kioo ni idadi ya mara ambazo huchora picha upya kila sekunde. Runinga nyingi za bei ya kawaida huchora mara 60, za bei ya juu mara 120. Katikati hapo kampuni zimeweka majina yao: Motion Rate kwa Samsung, TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony. Namba inayofuata jina hilo ni ya tangazo. Motion Rate 120, kwa mfano, kwa kawaida ni kioo cha hezi 60 kilichoongezewa ujanja wa kichakato. Fungua vipimo kwenye tovuti ya kampuni utafute hezi za kioo chenyewe. Muuzaji akilikwepa swali hilo, chukulia ni 60.

2. Mpira wetu unakuja kwa 50

Hili ndilo lililonipa heshima mtaani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na runinga za zamani ziliufuata. Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwaka 1973, ilitumia mfumo wa PAL: mistari 625, picha kamili 25 kwa sekunde, kila moja ikirushwa kwa nusu mbili, mistari ya witiri halafu ya shufwa. Jumla nusu 50. Marekani umeme wao ni wa 60, nao wakashika 60. Mwisho wa 2012 matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam, vikaja ving'amuzi, lakini 50 ikabaki palepale. Ligi ya Uingereza nayo hurushwa kwa 50, maana Ulaya yote iko upande huo.

Sasa king'amuzi kikiwa kimewekwa kutoa 60, kila picha 5 lazima ziwe 6, yaani moja irudiwe. Hiyo ni mara 10 kila sekunde. Winga akichomoka na kamera ikamfuata, uwanja mzima unasogea kwa kushtukashtuka. Dalili nzuri kuliko zote ni maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo. Yakiteleza, mambo yako sawa. Yakichechemea, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya video, uchague 1080i au 1080p ya hezi 50. Jirani mmoja alikwishaanza kutafuta mnunuzi wa runinga yake; tulimaliza kwa rimoti, bila kufungua hata skrubu.

Vile viboksi vya kutazamia filamu za mtandaoni navyo mara nyingi huja vimewekwa 60. Vingine vina chaguo la kufuata kasi ya kinachochezwa. Liwashe.

3. Chenga hazitibiwi kwa hezi

Nyasi zikigeuka vibumba vya kijani kila kamera inapohama, kioo hakina kosa. Picha imebanwa mno kabla ya kukufikia, ama kwa sababu chaneli nyingi zimesongamana kwenye masafa mamoja, ama intaneti imelegea. Mwendo ndio unaokula data, kwa hiyo mpira unaumia wakati msomaji wa habari aliyekaa kitini anaonekana safi. Anayehama kutoka inchi 32 kwenda 65 kwa king'amuzi kilekile huapa kwamba ile ndogo ilikuwa bora. Chenga zilikuwepo, ila hakuziona.

4. Wazee wa TV ya chogo wana hoja

Chogo ilimulika kila nukta kwa kitambo kidogo mno, kisha ikaiacha gizani hadi zamu yake irudi. Kioo cha LCD au OLED hushikilia picha moja mpaka nyingine ifike. Kwa hezi 60 ni karibu milisekunde 17. Jicho lako wakati huo halijasimama, linaufuata mpira, na picha iliyoganda inajipaka ndani ya jicho. Ndiyo ule mkia unaouona nyuma ya shuti kali. Hata OLED, ambayo pikseli zake hubadilika upesi sana, haiukwepi. Dawa ni picha nyingi zaidi kwa sekunde, au kuingiza giza kati ya picha na picha. Hiyo ya pili hupunguza mwanga, na wapo wanaoumwa kichwa.

5. Filamu iachwe ilivyopigwa

Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, desturi iliyoshika tangu filamu zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukigawa 60 kwa 24 kuna baki, hivyo picha moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili. Kwenye 120 kila picha huonyeshwa mara tano sawasawa, na kamera inapozunguka taratibu utaona tofauti. Kwangu mimi hii ndiyo faida ya kweli ya kioo cha 120 kwa mtu asiyecheza gemu.

Tatizo ni kwamba runinga nyingi huja zikiwa zimewashwa ulainishaji wa mwendo, ambapo kichakato hubuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video wakiwaomba watu wauzime. Mwaka uliofuata ukatangazwa mpangilio wa Filmmaker Mode, ambao huuzima wenyewe. Mimi huuzima kila nyumba, isipokuwa moja.

"Shangazi, nikuzimie hii?"

"Niachie hivyohivyo, baba. Watu wanaonekana kama wako hapa sebuleni."

Nikamwachia. Runinga ni yake.

6. Rangi kali ni za dukani

Mpangilio wa Vivid umetengenezwa ushindane na taa za duka. Nyumbani weka Movie au Cinema. Mwanzoni utaona umanjano, kisha jicho litazoea.

7. Mwenye kibanda umiza aangalie pembe kwanza

Vioo vya LCD vya aina ya VA vina weusi mzuri, lakini anayekaa pembeni huona rangi zimepauka. Aina ya IPS ina weusi hafifu, ila walio kwenye mabenchi ya pembeni wanaona karibu sawa na wa katikati, nao wamelipa kiingilio kilekile.

8. Wacheza gemu ndio wanaozitumia 120

PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, inaweza kutoa picha 120 kwa sekunde kwenye baadhi ya michezo. Ili ufike hapo kwa 4K unahitaji kioo cha 120, kebo inayofaa na tundu la HDMI 2.1, na uwashe Game Mode ili kitufe kijibu upesi. Kwenye runinga nyingi matundu hayo ni moja au mawili tu, yameandikwa pembeni kwa maandishi madogo, na mara nyingi nikifika nakuta king'amuzi kimekwishachomekwa hapo.