Somo la Nyumbani: Twende Sokoni na Watoto

Mara nyingi sisi wazazi tunamtuma mtoto dukani tukimhimiza, "Kimbia, urudi upesi!" Akirudi tunapokea sukari na chenji, basi. Jumamosi ijayo tufuatane naye sokoni bila haraka. Yako mambo manne ya kumfundisha.

Kwanza, orodha. Kabla ya kutoka, atazame jikoni kilichopungua, kisha aandike. Mdogo asiyejua kuandika na achore: nyanya tatu, samaki mmoja.

Pili, vipimo. Kilo moja ni gramu 1,000. Nusu ni 500. Robo ni 250. Mtoto anayesumbuliwa na hesabu za sehemu ataelewa akiona robo nne zinajaza kilo. Wazee wetu walijua hivyo hivyo kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Aangalie pia kama mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri kabla ya kitu kuwekwa.

Tatu, kuchagua. Samaki mbichi macho yake yang'aa, matamvua ni mekundu, na nyama ikibonyezwa hurudi. Amwulize muuzaji mwenyewe, lakini amwamkie kwanza. Adabu nayo ni somo.

Nne, fedha. Tukinunua nyanya za shilingi 1,500 na vitunguu vya 1,200, tukatoa 5,000, aseme chenji kabla hatujapewa: 2,300. Akikosea tusimcheke mbele za watu. Tuhesabu naye tena polepole.

Hapo ndipo sisi wenyewe hupimwa. Mwenzetu mmoja alizidishiwa chenji shilingi 1,000. Binti yake ndiye aliyegundua, nao wamekwisha kufika kituo cha basi, jua kali, vikapu vizito. Mama akasema, "Tutampa siku nyingine." Mtoto akauliza, "Mama, kama angetupunja sisi, tusingerudi leo?" Wakarudi. Basi liliwaacha.

Mithali 11:1 yatuonya juu ya mizani isiyo ya haki. Tusidhani onyo hilo ni la wenye maduka tu. Mtoto anaweza kusahau bei ya vitunguu, lakini hatasahau tulichofanya na fedha isiyo yetu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Juma hili mtoto wetu alihesabu nini?
2. Je, alituona tukitenda haki?