Kupima Sukari Parokiani: Kipimo Kipi Kinamwona Anayeelekea Kisukari?

Kamati ya parokia inapopanga siku ya kupima afya, mazungumzo huanzia kwenye bei ya mashine. Ingefaa yaanzie hapa: tunamtafuta nani?

Mwenye kisukari kilichokomaa huonekana kwa karibu kila kipimo. Kazi ipo kwa yule ambaye sukari yake imepita kiwango cha kawaida lakini haijafika kiwango cha ugonjwa. Hana kiu, hachoki, anapalilia migomba na kahawa yake kama jana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 nchini, ulikuta takriban asilimia 9 wana kisukari na asilimia 11 wako katika hali hii ya kati. Hao 11 ndio wenye nafasi ya kurudi nyuma. Tafiti za Finland (2001) na Marekani (2002) zilionyesha kuwa kupunguza uzito kiasi na kufanya mazoezi kulipunguza kwa asilimia 58 uwezekano wao wa kupata kisukari.

Kipimo cha mkojo tukiache kabisa kwa kazi hii. Sukari huanza kuonekana kwenye mkojo pale inapofika takriban milimoli 10 kwa lita ya damu. Anayeelekea kisukari ataambiwa yuko salama, naye ataamini.

Kipimo cha kidole ndicho kinachowezekana kigangoni, na masharti yake si magumu. Mtu awe hajala kwa saa nane au zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa hali ya kati, na 7.0 kwenda juu kuwa kisukari. (Wamarekani huanzia 5.6, ndiyo maana vipeperushi havilingani.) Kwa hiyo kupima watu baada ya Misa ya pili, wakiwa wameshakunywa chai ya sukari na maandazi, ni kupoteza stripu. Wapimwe alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza.

Jambo jingine ni mikono. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu au kukamua juisi ya rubisi ana sukari kwenye ngozi, na tone la damu huichukua. Mashine itasoma juu sana, na mtu atapewa hofu isiyo yake. Kufuta kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Anawe kwa maji na sabuni, kisha akauke. Ndoo ya maji na sabuni ni sehemu ya vifaa, iandikwe kwenye bajeti.

Hata hivyo mashine hizi zinaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 15 hivi. Ikisoma 6.3, sukari halisi inaweza kuwa 5.6 au 7.2. Basi jibu la kigangoni ni la kumchagua mtu wa kupimwa tena hospitalini, si la kumpa jina la ugonjwa.

Hospitalini kuna kipimo cha kunywa glukosi: gramu 75 ndani ya maji, kisha kukaa saa mbili na kupimwa tena. Majibu ya 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kati. Kinachosha, lakini huwaona watu ambao sukari yao ya asubuhi ni nzuri kabisa. Ndicho walichotumia Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, kazi iliyochapishwa mwaka 1989. Wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Wa hali ya kati karibu asilimia 8. Hata zile tafiti za Finland na Marekani ziliwachagua watu wao kwa kipimo hiki.

Wafadhili wetu hupendelea HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu na hakihitaji mtu kufunga. Kwao kinafaa. Ila kinategemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wa kawaida, na Kagera kuna malaria, upungufu wa damu, na wengi waliorithi selimundu. Haya huweza kushusha jibu au kulipandisha. Miongoni mwa Waafrika waliochunguzwa Marekani, HbA1c peke yake ilikosa karibu nusu ya wenye sukari isiyo ya kawaida. Mashine yake ikiletwa, iwe ya kuongezea, si ya kuamua.

Kabla ya kutangaza siku, kamati iulize maabara ya hospitali, iwe Nyakahanga kwa Karagwe au Isingiro kwa Kyerwa, kama kipimo cha glukosi kinafanyika na siku zipi. Anayetoka kijiji cha mbali hawezi kufika asubuhi akiwa hajala, akae saa mbili, kisha arudi kwa nauli ya kukopa. Fedha ya nauli na ya kulala itengwe kabla ya kununua boksi la pili la stripu.