NGOZI HUONYA, DAMU HUTHIBITISHA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, somo letu la leo ni ugonjwa wa sukari.

Watu wa Beni, Butembo na Manguredjipa wanakumbuka wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020. Kwenye vizuizi vya barabara tulielekezewa kipimo usoni, joto la mwili likajulikana bila sindano. Ndiyo sababu wengi huuliza: je, sukari nayo haiwezi kupimwa kwenye ngozi tu?

Jibu: ngozi husema kidogo, lakini haisemi yote. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, hushikamana na nyuzi za ngozi. Nyuzi hizo zikimulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, hung'aa kidogo. Iko mashini inayomulika mkono na kupima mng'ao huo. Lakini ngozi nyeusi humeza mwanga mwingi, na mashini hiyo hukosea au hushindwa kusoma. Na zile saa na pete zinazosifiwa kupima sukari bila kuchoma ngozi? Mwezi wa pili 2024, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja. Usipoteze mshahara wako.

Hata hivyo, macho na vidole vyetu vinaweza kusoma ngozi bila mashini.

TAZAMA ALAMA HIZI

1. Shingo na kwapa. Ngozi imekuwa nyeusi zaidi, nene, yenye mikunjo. Si uchafu, usiisugue. Mara nyingi, hasa kwa mtu mnene, ni alama kwamba mwili hautumii sukari vizuri.

2. Muwasho sehemu za siri, au ukungu kati ya vidole, unaopona na kurudi.

3. Kidonda kinachochelewa kupona.

4. Ganzi ya miguu. Hii ndiyo hatari kubwa kwa mchimbaji. Mwenye ganzi anaweza kufanya kazi siku nzima na jiwe ndani ya buti bila kusikia. Jioni bibi yake ndiye anayeona damu kwenye soksi. Kidonda kikiachwa, kinaoza, na mguu huweza kukatwa.

PIMENI NYUMBANI

Bwana alale, avue soksi, afumbe macho. Bibi amguse polepole kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asiposikia mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, aende kwa munganga. Kisha bibi naye apimwe vivyo hivyo.

KITUO CHA AFYA

Ukiona alama hizi, au ukiwa na kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara usiku na kukonda bila sababu, usingoje. Nenda asubuhi kabla ya kula, upimwe tone la damu la kidole. Miligramu 126 kwa desilita au zaidi, katika siku mbili mbalimbali, ni ugonjwa wa sukari. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu umepata nafuu.

KILA SIKU

Kung'uta buti kabla ya kuvaa. Usitembee miguu mitupu. Osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo.

Tunachunguza shimo kabla ya kushuka. Tuchunguze na miguu inayotushusha.