Kiporo: kosa ni la usiku, si la asubuhi

Mimi ni afisa afya. Kila baada ya Idi au harusi akina mama huniletea maswali yale yale kuhusu wali uliolala. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Wali niliupasha mpaka ukafuka moshi. Mbona watoto wametapika?

Kwa sababu kilichowatapisha ni sumu, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Mchele huja na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus. Wali ukichemka, bakteria hufa, ila hubaki spora zake, mithili ya mbegu zenye ganda gumu. Wali ukikaa vuguvugu, spora huchipua, bakteria wakazaana na kumwaga sumu humo humo. Mtu akila, hutapika ndani ya saa 6, pengine hata nusu saa tu. Mama mmoja aliniapia kuwa aliupasha vizuri, nami nilimwamini. Kosa lilitendeka jana yake usiku, sufuria ilipofunikwa na kuachwa jikoni.

Lakini bibi zetu walikula kiporo na chai miaka yote.

Walikula, na mimi nakula. Simwambii mtu amwage chakula. Ninachopigania ni muda: Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, maana kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria huzaana upesi.

Jaribu hili. Pika wali wa kilo mbili, ufunike, kisha baada ya saa kadhaa chota katikati kwa mwiko. Pembeni umepoa, katikati bado una joto. Hapo katikati ndipo bakteria wanapostarehe. Kwa hiyo usiuache kwenye sufuria. Utandaze kwenye sinia safi, unene wa vidole viwili, uufunike kwa kawa ili nzi wasitue. Mvuke ukiisha, tia kwenye bakuli pana lisilo na kina, weka kwenye friji. Kesho uupashe mara moja tu, hadi uwe moto kote, na unaobaki usiurudishe.

Sina friji.

Basi kazi ni kwenye kipimo. Pika kinachotosha, na kikizidi, mpelekee jirani usiku huo huo kikiwa cha moto. Anayechelewa kurudi mwekee kwenye hotipoti chakula kikiwa bado kinafuka, lakini kisilale humo; alfajiri kitakuwa vuguvugu. Kilicholala nje usiku kucha, hasa chenye tui, usimpe mtoto.

Umeme ukikatika?

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa 4.

Nikinusa si nitajua?

Hapana. Wali ulioteleza au kuchacha utaujua, lakini sumu hii haina harufu wala ladha.

Mtoto akishatapika nifanye nini?

Koroga ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, umnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika tena, ngoja kama dakika 10, uendelee taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona macho yamezama, mtoto amelegea, hakojoi, hawezi kunywa au anaharisha damu, mbebe umpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.